Baraza ya Saruji

Mwaka ule karafuu ilipokamata bei
nilijenga baraza mbele ya nyumba yangu, Mtambwe.
Mifuko minne ya saruji.
Nikaisugua hadi ikang'ara kama sinia.
Watu wakakaa, bao likachezwa, kahawa ikanyweka,
na hakuna aliyeipima njia iliyobaki.

Iliyobaki ilikuwa shibiri tatu kasoro vyanda vitatu.
Kiti cha Mgeni Faki ni shibiri tatu kamili.

Mgeni ni jina tu; kitovu chake kimezikwa hapa.
Miaka sita, akitaka kwenda hospitali,
Mussa wa dada yake alimbeba mgongoni kama gunia,
miguu ikining'inia, buibui likiburura tope.
Akifika kwangu husema, "Hamjambo hapo barazani?"
Nasi hujibu, kete mkononi, "Hatujambo, bibi. Pole."
Pole ni neno jepesi.
Halibomoi hata tofali.

Kisha masika, yasiyobisha hodi.
Ukuta wa jikoni kwake ulilala usiku,
ukakilalia na kiti,
gurudumu la kushoto likakunjika kama bofulo lililokaliwa.
Kofia kumi na moja za Idi,
viua vimebaki vichache kumalizika,
zikaamka na rangi ya udongo.

Alfajiri, baada ya sala, Mwalimu Shaame alisimama.
"Jamani," akasema, "jirani."
Hakuongeza.

Wakaja. Bi Asaa na pishi ya mchele kichwani.
Vijana wa timu na fito, wakigombana njia nzima
nani kabeba nyingi.
Hija wa baiskeli akalilaza gurudumu magotini,
akanyoosha njiti mojamoja, chai akaikataa.
Salama, asiyesemezana na Mgeni tangu ugomvi wa kuku,
akatua makuti, kimya,
akavua viatu, akaingia kukanyaga udongo.
Mimi nilitoa mabati mawili.
Nikayataja mara tatu.

Siku ya tatu ukuta ulisimama.
Mgeni alikuwa mkekani, anatunga uzi sindanoni.
"Ahsanteni," akasema. "Mungu awalipe.
Nyumba ninayo, unga ninao, kiti kinakwenda.
Sasa niambieni nikiendeshe wapi.
Kitandani hadi mlangoni?"

Hija akazitazama njiti zake.
Mtu akakohoa.
Na Salama, yule asiyesema, ndiye aliyesema:
"Baraza ya Khatibu."

Maneno nilikuwa nayo:
kiwanja cha marehemu baba, sheha alijua, saruji ya jasho langu.
Yakanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nikaenda kutafuta mtaimbo.

Saruji ile niliikoroga vizuri mno.
Pigo la kwanza lilinirudia mabegani.
La pili halikuacha hata alama.
La tatu, Mussa yuko ubavuni mwangu na sururu,
na nyuma yake wale wa bao, mmoja mmoja,
wakiivunja sehemu waliyokuwa wakiikalia.
Watoto walibeba vipande kwa makarai
hadi mlangoni kwake; tukashindilia, tukamwaga udongo juu,
ukawa mteremko.
Huko ndiko iliko baraza yangu sasa,
chini ya magurudumu.

Ijumaa alipita peke yake.
Nilimsikia kabla sijamwona:
Hija hakulinyoosha sawasawa,
linalia kila mzunguko, kwi, kwi.
Akasimama. Akanitazama kichwa, si uso.
"Ishirini na mbili na nusu," akasema.
"Kofia yako wiki ijayo. Bei ya watu wote."

Nikalipa. Hakunipunguzia hata shilingi.
Naivaa hivi sasa.
Karibu na sikio la kushoto
kiua kimoja kimebaki na rangi ya udongo.
Nilipomwonyesha, hakuinua macho kwenye sindano.
"Nakijua," akasema.