Nangoja Yatulie

Mji wetu wa Bethesda, huku Welisi,
umepewa jina la birika la kwenye Biblia
ambalo wagonjwa walilizunguka
wakingoja maji yatibuliwe.
Mimi, Goronwy, mpasua mawe ya paa mstaafu,
nimekalia ndoo iliyofudikizwa bandani,
nangoja yatulie.

Pipani mna lita ishirini na tatu:
kimea cha shayiri, hopsi, hamira, maji ya bomba.
Siku ya kwanza lilikuwa togwa tupu,
tamu ya kunata vidoleni.
Nikatumbukiza kipimo changu,
kijiti cha kioo chenye shingo nyembamba
na tumbo lililojaa risasi.
Utamu hukibeba. Sukari ikiliwa, kinazama.
Hukizungusha kwa vidole viwili, kisibebwe na mapovu,
napiga goti, jicho sawa na uso wa maji,
nasoma pale chini,
si pale maji yanapojikweza ukutani mwa kioo.
*1052.* Nikaandika ukutani kwa penseli.

Wapishi wenzangu wakishapima, hunywa.
Ndiyo haki ya mpishi.
Mimi hubana pumzi mpaka uani
nikaumwagia mwaridi wa Bi Olwen,
naye husifia mbolea yake.

Ulimi nimeustaafisha, mwaka wa tatu sasa.
Zamani nilijigamba: kioo cha nini, nami nina mdomo?
Na mdomo ukaniambia, tayari, tia chupani,
maana kiu yangu ilikuwa na haraka kuliko hamira.
Usiku chupa tisa zikapasuka chini ya ngazi,
pale tunapotundika makoti.
Heledd alikuwa na miaka saba.
Asubuhi alitia mkono mfukoni mwa koti la shule
akautoa na damu.
Hakulia. Alinitazama tu,
kama mtu anayesoma kipimo.

Mwezi ujao anaolewa na Tudur wa duka la baiskeli.
Ameniomba bia ya harusi.
"Mimi?" nikauliza.
"Wewe unajua kuipika," akasema.
"Sikukuomba uinywe."

Jumatano, *1031*.
Ijumaa, *1022*.
Jumapili, *1022*.
Jumanne, ile ile.
Mwenye haraka angesema imeiva.
Lakini mimi huu naujua:
ni usingizi, si utulivu.
Baridi imeingia kwa chini ya mlango,
hamira imejikunyata na kazi haijaisha.
Nikalikokota pipa hadi jikoni, kando ya jiko,
nikalivika koti langu la machimboni,
nikakaa nalo usiku kucha
kama ninavyokaliwa na Emlyn wa kikundi chetu
usiku ninapompigia simu.
Alfajiri kizibo kikakohoa, bluk,
kikanyamaza,
bluk.

*1015. 1011. 1010.*

Upande wa pili wa ukuta kuna nambari yangu mwenyewe.
Ya bia hushuka kwa kurukaruka,
yangu hupanda moja moja,
na hakuna kioo cha kunionyesha ilipobakia sukari.

Leo Heledd amekuja, viatu vimelowa mvua.
*1010*, siku ya tatu mfululizo.
Kabla sijanyanyuka kwenda kwenye mwaridi
akakichukua kikombe, akaonja, akafumba macho.
"Baba, unataka kujua ikoje?"
"Elfu moja na kumi."
"Namaanisha ladha."

Nilikuwa bado nimepiga goti.
"Niambie," nikasema.

Akaanza: ganda la mkate lililoungua kidogo,
halafu ngozi ya chungwa, halafu,
ngoja kwanza, akaonja tena,
halafu kitu kama jiwe la paa likishanyeshewa.
Alisema taratibu, akirudi nyuma, akijisahihisha,
ule mkono wenye kovu ukichora hewani.
Nami nikasikiliza mpaka mwisho,
kipimo kikiwa wima ndani ya bomba lake,
hakitikisiki.