Orodha ya Mwisho

Barua ilikuja Jumatatu, sentensi nne tu,
ya tatu ikianza "kwa masikitiko makubwa".
Mimi, karani wa mradi, nikapewa wiki sita
kuhesabu kila kilicho chetu katika bonde la Bartang:
viti kumi na kimoja, jenereta, mizani ya watoto wachanga,
friji ya chanjo yenye kibandiko cha bendera
kilichobanduka pembe moja.

Qimatsho aliendesha kimya, mlima kwa mlima.
Gari lenyewe lilikuwamo orodhani. Namba tisa.

Zahanatini Shakarmo alitumiminia chai ya maziwa na chumvi.
"Friji nayo?"
Nikapekua karatasi kana kwamba sijui.
"Friji inabaki. Mafuta ya jenereta ndiyo yanayokoma."
Akacheka, cheko la mtu aliyegawiwa hatamu
na farasi akabaki kwa mwenyewe.

Usiku walikutana. Sikualikwa,
nilikaa karibu na mlango, pamoja na viatu.
Zulaykho, aliyetuita wageni miaka tisa,
alifungua daftari la hesabu la mwanawe:
kila nyumba magunia mawili ya viazi, vikauzwe Khorog;
mwenye kijana Moscow, rubli mia tano kwa mwezi;
na ule mtambo wa maji uliolala tangu enzi za Wasovieti,
fundi Nekqadam anasema unataka mkanda tu na mafuta ya kulainisha.
"Anasema hivyo kila mwaka," mtu akadakia.
"Kila mwaka kulikuwa na jenereta," akajibu Nekqadam.

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Miaka tisa, na hakuna aliyetupa jembe.
Wala sisi hatukuuliza limewekwa wapi.

Ningependa kukomea hapo.
Lakini dawa za kifua kikuu hazinunuliwi kwa viazi.
Nilihesabu visanduku mara tatu:
vinamfikisha Davlat mwezi wa Machi,
na daktari alimwandikia hadi Oktoba.
Katika daftari la Zulaykho jina lake lina ukurasa mzima.
Chini ya jina, hakuna kitu.

Asubuhi tulitia saini, nakala tatu.
Shakarmo akaigeuza kalamu yangu vidoleni.
"Hii imo orodhani?"
"Haimo."
Akaichomeka kwenye kilemba chake,
akaenda kumpima mtoto.