Hesabu ya Ufagio

Mimi hufagia mara tatu.
Alfajiri, kabla Masalu hajavaa viatu,
adhuhuri, vumbi la Igogo likishapanda ngazi,
na jioni, kwa sababu jioni ipo.
Jumamosi naosha hata jiwe.

Jiwe, ndiyo. Nyumba yetu imejengwa kulizunguka.
Fundi alishindwa kulipasua
akaliacha liwe ukuta wa nne wa sebule,
likatokeza tumbo lake kati ya kochi na kabati.
Mwingine angelifunika kitambaa.
Mimi nalisugua kwa brashi na sabuni ya unga
mpaka mikunjo yake naijua
kama magoti ya wanangu.

Ng'ambo ya mfereji, hatua kumi na moja, nimezihesabu,
anakaa Nkwimba.
Nkwimba hufagia akikumbuka.
Sufuria yake hulala na ukoko wake:
"Nao umechoka," asema, "uache ulowe."
Nguo alizofua ni mlima kitandani,
anayetaka shati huchimba kama yuko Geita.
Kuku anaingia, anatoka, hakuna wa kumwuliza.
Buibui wa pembeni amepewa jina, anaitwa Balozi,
kwa kuwa anajua kila anayeingia.

Nilisema. Sikusema kwake,
nilisema bombani, ambako ni vibaya zaidi:
"Yule na maji hawajatambulishwa."

Na wanangu hushinda huko.
Kwangu wanavua ndala mlangoni,
wanakaa ukingoni mwa kochi
kama watu waliokuja kuomba mkopo.
Kwake wanalala sakafuni, wanachora ng'ombe kwa mkaa.
Bwire, yule mdogo, aliniuliza siku moja:
"Mama, hii nyumba tunamtunzia nani?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika dekio.

Mwezi ulipoandama, usubi ulipanda kutoka ziwani.
Tuliuona tangu alasiri, nguzo ya moshi
imesimama juu ya maji nyuma ya Saanane,
kisha ikainama, ikaja.
Kila mwenyeji anajua la kufanya:
zima taa, funga dirisha,
ziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu.
Nilizima. Niliziba. Tukakaa gizani, safi,
tukipumua joto letu wenyewe.
Saa saba usiku Masalu aligonga, katoka zamu kiwandani.
Nikamfungulia upesi, nikaziba tena.
Sikumwuliza ameionaje njia.

Asubuhi kwangu hapakuwa na hata bawa.
Nikajipongeza kwa chai.
Nikafungua mlango nimwone Nkwimba na aibu yake.

Kizingitini pake usubi ulifika kwenye vifundo vya miguu,
mweusi, laini,
kama gunia zima la majani ya chai limepasuka,
na juu yake balbu, bado inawaka.

"Uliisahau?" nikapaza sauti.
"Sikuisahau. Mumeo alikuwa hajarudi.
Ngazi zenyewe hizi, na giza lile."

Usubi hufuata taa.
Hilo nalijua tangu Ukerewe, tangu sijaota meno.
Basi na wa kwangu wote ulikwenda kwake.

Nilichukua ufagio wangu, ule mpya, nikavuka mfereji.
Hatua kumi na moja; safari hii zilikuwa nyingi.
Nkwimba akautazama ufagio, akanitazama mimi, akacheka
mpaka akashika mwimo wa mlango.
"Weka chini hiyo, mama Bwire.
Kuku hawajaamka. Unataka kuwanyima chai?"

Nikaketi palepale, juu ya usubi, na gauni langu la bluu.
Kuku wakaja. Walifagia vizuri kuliko nilivyotarajia,
ingawa pembeni waliruka.

Nimerudi. Masalu bado anakoroma.
Tope la viatu vyake liko alipoliacha jana, kando ya jiwe,
limeanza kukauka, linapasuka katikati.
Saa nne hii.
Nimeliona.