Mita ya Chumba cha Nyuma

Nilidhani sisi wa Isevya hatulipi.
Nilimtambia hata shemeji wa Dar es Salaam:
huku Tabora nyumba ni ya mwenye nyumba,
haipigiwi hodi na mtu wa stakabadhi.

Kumbe hodi ilikuwa inapita ndani ya waya.
Aliyeisikia ni Ntibonera, mpangaji wangu.
Alisimama mlangoni, simu mkononi,
ujumbe wa LUKU ungali unang'aa:
"Dada Nyamizi, nimenunua wa elfu tano.
Elfu moja mia tano imeliwa kabla taa haijawaka.
Nyumba hii ni yangu au yako?"

Ni yangu.
Nikampunguzia kwenye pango,
nikaandika katika daftari la cherehani
baina ya suruali ya Mhoja na sare za kwaya.
Elfu moja mia tano: kupunguza suruali mbili, na uzi wangu.
Si pesa ya kugombea na mtu.

Lakini chumba cha nyuma kina mita yake.
Mama aliivuta mwaka ule wa jokofu, alipouza barafu,
na tangu tumzike sikuigusa ile kufuli.
Juzi nikaifungua. Harufu ya nta,
madumu ya asali yaliyokauka,
khanga moja msumarini.
Nikanunua umeme wa elfu kumi
nipate kufagia ninachokiona.

Uniti hazikuja.
Deni la jengo, miezi saba. Bado mia tano.

Saba.
Mimi niliacha kuhesabu baada ya arobaini.
Mita haikuacha.

Kijana wa dirishani, manispaa, hakuwa mkali.
"Nyumba moja, kodi moja. Hiyo mita ya pili
jaza fomu, tuiondoe. Huyu Kalunde Kasubi,
mwenye jina, alikuwa na umri gani?"
Sabini na mmoja.
Akaiweka kalamu chini.
"Basi huyu angesamehewa zamani, mama.
Mngesema tu."

Mngesema tu.
Nimetembea nalo neno hilo hadi reli, nikavuka nalo.

Fomu ina mistari tisa. Nimejaza minane.
Wa tisa unauliza: chumba kinatumiwa na nani?

Jioni nikanunua wa elfu mbili.
Mia tano ikaenda kwa wenyewe.
Zilizobaki zikawasha taa ya mama,
nikakaa chini yake na fomu,
kalamu ikiwa bado na kifuniko.