Rupia Tatu Chini ya Sahani

Mimi Lali wa Famau,
jambo moja sisahau,
nieleze angalau,
nisizikwe nalo ndani.

Duka la unga, iliki,
viberiti na mswaki,
lina upana wa dhiki,
kichochoroni Langoni.

Mizani yangu ya shaba
niliirithi kwa baba;
hakupunja hata haba
mpaka kufa, jamani.

Nami kwa tone la gundi
nikabandika kifundi
rupia tatu za Hindi
chini ya ile sahani.

Kila robo nikipima
vijiko vitatu nyuma
hubaki, tena huuma
usiku, huko chagoni.

Ramadhani ikifika,
machozi yakinitoka,
huzibandua haraka,
nikaziweka rafuni.

(Ona hapo: sikutupa,
japokuwa niliapa.
Toba ya mtu wa pupa
huacha mguu ndani.)

Sikukuu ikipita
siku tano ama sita,
mkono ukazikuta
wenyewe, pale gizani.

Husema: “Kodi i juu,
nauli Mokowe kuu,
wenzangu wana makuu,
hupima kwa mawe duni.”

Miaka kumi na tisa
kutubu, kisha kukosa,
kubandua, kupapasa.
Sikupigwa na Manani.

Wala duka kuungua,
wala mwana kuugua,
kila kukicha, na jua
li tayari mlangoni.

Nikadhani hakuona,
ama amechoka sana.
Subira kwake ni jina,
la mwisho kwenye tisini

na tisa. Sikulijua,
hadi niliponunua
kwa Bi Somoe, kwa mvua,
mkate wa siniani.

Sukari yake ni kwangu,
robo, kwa mkono wangu,
kila siku yake Mungu,
ya mikate ya jioni.

Nikamega, nikaonja:
utamu umenipunja.
Nikatazama kiganja,
kile kile cha mizani.

Watu huku wamsema:
“Somoe hapiki vyema,
uzee umemwandama,”
nami husema, “Amini.”

Nikaenda, nikabisha,
watu wakitoka Isha,
rupia zikinitisha
kwa kulia mfukoni.

“Bi Somoe, nimeiba.”
Nikaeleza msiba,
nangoja maneno saba
ya matusi na huzuni.

Hakuacha yake kazi
ya kukuna ile nazi.
“Najua. Wala si juzi.
Nina kikombe nyumbani.

“Kila siku hukijaza,
na pengo likatangaza
vile unavyojiuza
kwa vijiko vya mezani.”

“Basi mbona hukuhama?”
Akaketi, akahema.
“Ningehama, ungekwama.
Ungemrudia nani?

“Tena kila mwezi mwema
kikombe hujaa vyema.
‘Lali,’ nasema, ‘mzima,
bado yumo mle ndani.’”

Rupia akazifuta
kwa kanga yenye mafuta,
mjukuu akamwita:
“Kacheze nazo uani.”

Nikatoka nimelowa,
mtu aliyejuliwa
na bado akangojewa
kama mwana safarini.

Ikiwa mtu wa vumbi
aipima yangu dhambi
kwa kikombe, si kwa tumbi,
asiniite mhuni,

sembuse Aliyeumba
kikombe, miwa, na nyumba,
na nafsi hii nyembamba
iponyokayo mizani?

Usidhani nimepona:
mkono bado waguna,
vidole nimeviona
vikipapasa sahani.

Huvirudisha, natubu.
Nimepoteza hesabu.
Yeye hachoki kujibu,
nami nimo mlangoni.

Beti hii ya tamati
nimeipima kwa dhati,
vitatu bado sipati:
jaza, Manani.