Upana wa Mlango

Mzee Kilewo anataka vyumba tisa
kwenye kiwanja kinachotosha sita.
Amekuja na karatasi ya daftari,
penseli imepita juu ya penseli,
vyumba vimebanana kama ndizi mkunguni.
"Wapangaji wapo," ananiambia,
"wanafunzi, manesi, wachuuzi wa Mbuyuni.
Haba na haba, chumba na chumba.
Wewe chora, manispaa wagonge muhuri."

Nachora. Nafuta. Nachora.

Mwaka ule wa kujifukiza
Pasua nzima ilinuka mchaichai na mkaratusi,
ndoo za koki zikasimama mbele ya kila duka.
Sisi tulikuwa saba, chumba cha kati,
na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani,
ukuta wa kuugusa kwa kiwiko.
Hewa tuliila kwa kupokezana:
aliyoitoa kaka yangu Anaeli niliivuta mimi,
niliyoitoa mimi aliivuta bibi.

Usiku wa nane pumzi ya bibi ikageuka
msumeno kwenye mbao mbichi.
Gari lilifika hadi barabarani.
Machela haikupita.
Kichochoro kilikuwa futi mbili na nusu.
Nilikuja kukipima baadaye, mara tatu,
kana kwamba safari moja kingeniomba radhi.

Vijana waling'oa mlango wa chumbani,
wakamlaza bibi juu yake na kanga mbili za kumfunga,
wakampitisha juu ya ukuta wa uani,
kisha jikoni kwa Mama Ndeanasia,
ambaye hakuuliza kitu, alisogeza tu sufuria.

Bibi alirudi baada ya wiki tatu.
Mlango nao ulirudishwa,
hadi leo unakwaruza sakafu.
Anaeli, aliyebeba upande wa kichwa,
alianza kukohoa Jumapili.

"Na hapa katikati umeacha nini?"
Kidole cha mzee kimetua kwenye nafasi nyeupe.
"Hewa."
"Hewa hailipi kodi, binti."

Namwambia: mzee, kila usiku
mlima unashusha upepo wake, bure,
unapita Rau, unapita Majengo,
unafika kwetu unakuta tumeupa kisogo.
Nimeweka dirisha kaskazini, jingine kusini,
maana upepo ni mgeni mwenye adabu:
usipomwonyesha pa kutokea, haingii.
Bomba liko hapa, ukipita geti tu,
mikono ioshwe kabla ya salamu.
Na hiki cha pembeni, chenye mlango wake na choo chake,
siku za afya kipangishe upendavyo,
siku ya homa kiwe cha mgonjwa,
ale, alale, asikike akikohoa
na bado awaone wanawe dirishani.

Mzee anahesabu vidole. Anarudia kuhesabu.
"Umenila vyumba viwili."
Sikatai. Nimevila.
Ananyamaza kwa muda mrefu, akichezea kofia,
kisha anauliza, kwa sauti nyingine kabisa,
kama kile cha pembeni kinapata jua la asubuhi.
Mkewe ana kifua.

Ijumaa tukaenda kiwanjani na kamba.
Fundi Mmasi akaniuliza njia iwe upana gani,
nikamwambia asiguse futi kamba kwanza.
Bibi alikuwa amekuja, na mlango ule,
umebebwa juu ya mkokoteni wa maji.
Tukaulaza chini, kwenye udongo mwekundu.
Nikasimama kushoto, Mmasi akasimama kulia.
Mlango mmoja, watu wawili, viwiko vikiwa huru.
"Hapo," bibi akasema. "Piga."
Vigingi vikaingia.

Jumamosi asubuhi nilipita peke yangu.
Kamba ilikuwa imesogea shibiri mbili,
na kigingi cha kona kilikuwa na udongo mbichi shingoni.
Sikumwita mtu.
Nikakirudisha mahali pake, nikakigonga kwa jiwe.
Kesho nitapita tena.