Hesabu ya Ndere

Saa kumi na mbili na robo, Kaloka bado haijapangusa macho.
Boti la idara lina viti vitatu na kopo la kukumbia maji.
Chelimo, askari wa kisiwa, ananikabidhi penseli,
maana wino, anasema, hulia ukinyeshewa.
Miaka thelathini na mmoja nilifundisha hesabu Kisumu,
nikiwapigia mistari myekundu waliokosa.
Leo nimekuja kuhesabu wasiojua foleni.

Mnandi kwenye jiwe: ishirini na wawili.
Anazama mmoja. Ishirini na mmoja.
Anaibuka, au ameibuka mwingine?
Niliwaambia watoto: kutoa ni kutoa, kujumlisha ni kujumlisha,
hakuna kitu katikati.
Mnandi anaishi hapo katikati.

Yangeyange ni rahisi, weupe wao ni chaki.
Fundichuma wawili, na jumba lao la takataka:
vijiti, utepe wa kaseti, soksi moja ya mtoto wa shule,
pana kuliko chumba nilichopanga Nyalenda nilipoanza kazi.
Kulastara kasimama kwa mguu mmoja
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Mmoja, naandika. Hajageuka hata kunitazama.

Tunazunguka upande wa magharibi.
Hapa palikuwa na njia, Chelimo anayaonyesha maji kwa kidole.
Ziwa lilipanda, likala njia, likala ubao wa maonyo,
likaifuata mikuyu iliyodhani iko mbali.
Mikuyu imekufa wima,
na kwenye matawi makavu ndege wamejenga ghorofa,
vinyesi vyeupe vikichuruzika kama chokaa ya fundi mlevi.
Ramani yangu inasema hifadhi inaishia ukingoni.
Ukingo upi? namuuliza.
Anacheka. "Mwalimu, mimi hulinda hadi ninapolowa."

Juu yetu furukombe anatupa kichwa nyuma, anaita,
anatoka nje ya sheria, ananyakua ngege,
anarudi kumlia ndani ya sheria.

Kisha injini inazimwa kwenye mafunjo.
Chelimo anainua kiganja.
Kuna kipozamataza wa humu, ananong'ona,
mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano;
palipofyekwa mafunjo huwezi kumpata.
Tunangoja. Mbu wananihesabu mimi.
Halafu miluzi miwili, mitatu, iliyokunjwa kama barua,
na mkwaruzo mkavu baada yake, mtu akifungua kasha la njiti.
Kimya.
"Umemwona?"
Sijamwona.

Mama yangu, Turfosa, alisuka mikeka ya mafunjo.
Muhula mmoja wa shule ulikuwa mikeka kumi na minne,
kumi na sita nilipofika kidato cha tatu na bei ya vitabu ikapanda.
Alirudi kutoka bwawani magoti yakinuka tope,
mabua yakimwagika maji mgongoni mwake.
Mmoja, ulioharibika pembeni, haukuuzwa; nikaulalia mimi.
Juu yake nilikariri majedwali, saba mara nane, nane mara tisa,
na sikuwahi kuuliza
nilikuwa nimelalia kuta za nyumba ya nani.
Simlaumu. Karo haingojei mayai yaanguliwe.
Ila leo mgongo wangu unakumbuka kila bua.

Fomu inataka: idadi walioonekana.
Hakuna safu ya waliosikika.
Nikiandika sufuri, nadanganya.
Nikiandika mmoja, nadanganya vilevile,
huenda walikuwa wawili wakijibizana.
Nami niliwachapa watoto walioacha pengo!
Mmoja wao, Okumbe, aliniambia akilia:
jibu lilikuwepo, Mwalimu, lilikuwa bado halijatoka.
Nilimwongeza kiboko.

Chelimo anachungulia begani mwangu.
"Umeruka swali."
Sijaruka, namwambia. Liache wazi.

Boti linageuka. Jua limeshapata meno.
Kwenye jiwe letu la asubuhi, mbawa zimeanikwa,
mnandi ishirini na watatu.
Penseli ina kifutio upande wa pili.
Siifuti ile ishirini na mbili.